Mechi Iliyorekodiwa Juu ya Harusi

Wageni wakija kwangu huangalia runinga yangu kwanza, halafu huniangalia mimi. Ni ile ya zamani yenye kichogo, nzito kiasi kwamba siku niliyohamia bedsita hii ya Roysambu mtu wa mkokoteni aliongeza bei alipoiona. Chini yake kuna deki ya video. Kando ya deki kuna kaseti 34, zimesimamishwa kama vitabu, nyingi zimeandikwa kwa wino mwekundu kwa sababu aliyeziandika alikuwa mwalimu. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniuliza kama nina Netflix. Nikamwambia nina matangazo ya sabuni ya mwaka 1990. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kweli ndivyo ninavyotazama runinga. Watu wa rika langu humaliza msimu mzima wa kipindi usiku mmoja, wakiruka hata wimbo wa mwanzo. Mimi huweka kaseti na kuiacha ijiendee. Sirushi kitu. Ninachotafuta ni vile vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuviweka: saa inayohesabu sekunde kabla ya taarifa ya habari, tai ya mtangazaji, tangazo la blanketi, yule mama anayesoma ratiba ya kesho kana kwamba anatusomea barua kutoka kwa jamaa wa mbali.

Kaseti ni za Mzee, babangu. Nilizikuta nyumbani Nakuru nilipoacha chuo katika mwaka wa pili na kurudi kulala kwenye chumba changu cha utotoni, huku nyumba nzima ikijifanya niko likizo. Zilikuwa juu ya kabati, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Nilikuwa natoka kusomea historia, manze, na historia niliyosomeshwa ilikuwa ya mikataba na makamishna. Sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani watu walikuwa wanatazama nini saa tatu usiku.

Kuna kaseti moja kati ya hizo 34 ambayo imenikosesha usingizi. Mgongoni ina lebo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya wino mwekundu: KAMERUNI – UINGEREZA. Ukiinyanyua kidogo kwa ukucha unaona ya chini, mwandiko mwingine, wa duara na wa kupendeza: Harusi yetu, Desemba 1989. Huo ni mwandiko wa Shangazi.

Kwa ambao hawajawahi kushika kaseti ya VHS, nieleze kitu kimoja kidogo. Kwenye ukingo wake wa nyuma kuna kijino cha plastiki. Kijino kikiwepo, deki inakubali kurekodi. Ukikivunja, deki inakataa. Kaseti inakuwa ya kutazamwa tu. Kwa hivyo watu walivunja kijino cha kaseti za harusi na za mazishi, kama vile unavyofunga mlango kwa kufuli. Ila kufuli hiyo ilikuwa na ufunguo ambao kila nyumba ilikuwa nao. Unachukua kipande cha selotepu, unaziba lile shimo, na deki inadanganyika.

Kaseti ya Shangazi ina shimo, maana yake yeye alivunja kijino. Na juu ya shimo kuna selotepu, imegeuka rangi ya chai.

Nilimuuliza Mzee. Kwanza alijifanya hasikii. Halafu akasema, "Ilikuwa Jumapili usiku, maduka yamefungwa, na Afrika ilikuwa inacheza." Akaendelea kunywa uji wake.

Afrika ilikuwa inacheza kweli. Tarehe 1 Julai 1990, mjini Napoli, Kameruni ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Uingereza ilitangulia kwa bao la David Platt. Baada ya mapumziko akaingia Roger Milla, mzee wa miaka 38, akaangushwa ndani ya boksi, na Emmanuel Kundé akafunga penalti. Dakika chache baadaye Milla huyo huyo akampenyezea Eugène Ekéké, mbili kwa moja. Kisha Gary Lineker akapata penalti mbili, moja dakika za mwisho na nyingine katika muda wa nyongeza, na basi. Tatu kwa mbili. Mzee anasema sebule yetu ilikuwa na watu zaidi ya ishirini, kwa sababu deki na runinga ya rangi kwenye ploti ile zilikuwa zetu peke yetu, na kwamba baada ya filimbi ya mwisho hakuna aliyeaga. Waliondoka tu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka matangani.

Sasa, mimi nina maslahi hapa na ni vizuri niyataje. Mimi nilifurahi Mzee alipoziba lile shimo. Mechi yenyewe unaweza kuipata kwenye simu yako sasa hivi, picha safi kuliko yangu. Lakini Mzee alibonyeza kitufe mapema na akachelewa kukizima. Kabla ya mechi kuna kipande cha habari, na habari hiyo, kama zote za wakati ule, inahusu Mtukufu Rais na alikoenda siku hiyo. Baada ya mechi kuna matangazo mawili, ratiba ya kesho, bendera, wimbo wa taifa, halafu chenga. Mambo hayo ya pembeni ndiyo dhahabu yangu.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Serikali iliichukua 1964 ikaiita Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikarudishiwa jina la KBC. Kwa karibu miaka 28 ilikuwa ndiyo hiyo tu. KTN ilipoanza mwaka 1990 ilionekana Nairobi. Nakuru tuliendelea kumeza tulichopewa. Mtu akisema "nilikiona kwenye TV", hakuna aliyeuliza stesheni gani. Nchi nzima ilicheka na Vitimbi jioni ileile, ikamtazama Benson Wanjau, Mkikuyu, akiwa Mzee Ojwang', Mjaluo, na hakuna aliyeona ajabu. Wanjau alifariki Julai 2015. Nikitaka leo kuona alivyoigiza mwaka fulani, wiki fulani, nategemea kwamba mtu fulani, sebuleni fulani, alikuwa na kaseti tupu.

Na kaseti tupu ilikuwa adimu. Hapo ndipo Mzee na stesheni kubwa za dunia walikuwa kitu kimoja. BBC wenyewe walifuta vipindi vyao miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na ingeweza kutumika tena. Walifuta vipindi vingi vya Doctor Who, ambacho leo ni kama hirizi yao ya taifa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana. Wapi? Jos, Nigeria, kwenye stesheni ya runinga, nakala zilizouzwa huko zamani na kusahaulika. Kwa hivyo Waingereza walikuja kuokota urithi wao kwenye stoo ya Mwafrika. Nakiri kwamba hadithi hiyo huniburudisha kupita kiasi.

Lakini uhaba hauelezi kila kitu. Tazama tarehe tena. Mechi ilichezwa 1 Julai 1990. Tarehe 4 Julai, Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini. Tarehe 7 ikawa Saba Saba: watu walielekea Kamukunji kudai vyama vingi, polisi wakawapiga, ghasia zikaenea siku kadhaa hadi miji mingine, Nakuru ikiwemo. Siku sita tu baada ya penalti ya Lineker. Nilipoligundua hilo nilipindua katoni nzima. Nilicheza kaseti zote, hata zile zilizoandikwa "Kwaya". Hakuna kitu. Kuna Tausi, kuna mieleka, kuna filamu ya karate isiyo na mwanzo wala mwisho. Saba Saba hakuna.

Nikamuuliza Mzee kwa nini hakurekodi habari za wiki ile. Ndiyo siku pekee aliyonikasirikia kwa sababu ya kaseti hizi. Alisema, "Wewe unafikiri kaseti ni kitu cha kuchezea?"

Baadaye nilisoma, nikamwelewa. Tangu 1986, kesi za Mwakenya zilikuwa zimepeleka watu jela kwa kupatikana na karatasi tu, kijarida kimoja, wengine kwa kutoripoti kwamba wamekiona. Na mwaka huohuo wa 1990 polisi walikuwa wanawakamata wauzaji wa kaseti za muziki mjini Nairobi, kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana kuichochea nchi. Fikiria hilo kidogo. Unapanda matatu, dereva anaweka kaseti, na kila abiria anajiuliza kama kuisikia ni kosa. Mwalimu wa serikali, mwenye mshahara wa serikali, angekaa na picha za ghasia juu ya kabati na kuziandika kwa wino mwekundu?

Kwa hivyo kilichobaki ni kile ambacho hakingeweza kumfunga mtu. Mpira. Harusi. Kwaya. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya runinga nikidhani natazama maisha ya miaka ile, kumbe nilikuwa natazama maisha baada ya woga kuyachuja.

Kuna mwanamke mmoja Mmarekani ninayemfikiria sana. Marion Stokes, wa Philadelphia. Aliwahi kuwa mkutubi, na alikuwa mwanaharakati wa siasa za mrengo wa kushoto. Mwaka 1979, wakati wa sakata ya mateka wa Marekani nchini Iran, alianza kurekodi habari na hakuacha tena mpaka alipokufa Desemba 2012. Saa 24 kwa siku. Deki hadi nane zikifanya kazi kwa wakati mmoja, kaseti za saa sita sita, na familia ikilazimika kukatiza chakula hotelini ili kukimbilia nyumbani kuzibadilisha. Aliacha kaseti zaidi ya 70,000. Alikuwa mtu mgumu, aliwachosha waliompenda, na wakati wake majirani wangemwita kichaa. Alikuwa na imani moja: kwamba habari inavyosimuliwa leo asubuhi haitafanana na itakavyosimuliwa kesho, na kwamba wenye stesheni hawatakuonyesha tofauti. Kaseti zake zilichukuliwa na Internet Archive kule California.

Nikimsoma Stokes naona wivu, si wa kaseti zake. Naonea wivu hali iliyomwezesha. Alikuwa na pesa. Alinunua hisa za Apple mapema. Alikuwa na nafasi. Alikuwa na nyumba za kuhifadhia vitu tu. Na Mahakama ya Juu ya nchi yake ilikuwa imeamua mwaka 1984 kwamba mtu kujirekodia runinga nyumbani atazame baadaye si kosa. Mzee alikuwa na kaseti moja ya dadake na kipande cha selotepu.

Usidhani ni mambo ya kale haya. Februari 2015, kwenye mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana. Nilikuwa kidato cha pili. Januari 2018 zikazimwa tena, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park. Na Juni 2024, wewe na mimi sote tulikuwa na stesheni mfukoni. Nilipiga video tarehe 25: moshi, Moi Avenue, jamaa aliyekuwa akigawa maji, msichana akifunga kitambaa puani. Siku hizo watu walikuwa wakipotea, na kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo ujumbe ulikuwa mmoja: futa. Nilifuta. Si zote, nyingi. Nyingine zilienda Septemba simu ilipojaa nikataka nafasi ya kuweka tamthilia. Sikuhitaji hata selotepu.

Nilimwambia Mzee hilo kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ehe." Hiyo tu. Nadhani ulikuwa msamaha, sijui nani akimsamehe nani.

Sasa turudi kwenye kaseti, kwa sababu nimewaficha jambo. Mechi yenye muda wa nyongeza, pamoja na habari kabla na wimbo wa taifa baada, haijazi kaseti ya saa tatu. Mzee alipoamka kwenye kiti na kubonyeza kuzima, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Chenga zinatingishika, picha inaruka, na ghafla ni mchana mkali wa Desemba na watu wamevaa suti.

Niliziona dakika hizo kwa sekunde chache tu mara ya kwanza, kabla deki kuanza kulalamika. Niliipeleka Luthuli Avenue kwa fundi mmoja ambaye bado anajua kitu hiki ni nini. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizi duniani, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, kwa hivyo spea ni za kutoa kwenye maiti nyingine. Alibadilisha mkanda wa mpira, akasafisha ngoma ya kichwa, ile inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huku utepe ukiibusu. Kisha akainua kifuniko cha kaseti, akanionyesha weupe kwenye ukingo wa utepe. Ukungu. "Hii ukiicheza inaweza kucheza," akasema. "Ama iliwe. Usinihesabie mara ngapi."

Nilikuwa na kidubwana cha kuunganisha deki na laptopu. Lakini ni wapi pa kuanzia? Nikianza mwanzo, napata kipande cha habari na matangazo yangu, na kama deki itakula utepe itakuwa imekula kabla ya kufika kwenye harusi. Nikianzia harusi, dhahabu yangu inasubiri nyuma ya ukungu. Nitasema ukweli: kwa mwezi mzima nilikuwa nimeamua kuanza mwanzo. Nilijiambia harusi ni ya mtu mmoja na habari ni za nchi.

Halafu Shangazi akaja Nairobi kuona daktari wa macho, akalala kwangu. Ana miaka 61. Mumewe alifariki 2007. Aliiona kaseti kwenye rafu kabla hata hajavua viatu, akainua lebo ya juu kwa ukucha, vilevile nilivyofanya mimi.

"Mimi nilijua amefuta yote," akasema.

Nikamwambia zimebaki dakika kumi na moja. Hakujibu. Alienda kunawa mikono.

Usiku huo nilikaa sakafuni nikaipeleka kaseti mbele kwa mkono, nikiizungusha gurudumu kwa kidole ili utepe usiguse mashine kabisa. Ni zaidi ya mita 250. Ilinichukua zaidi ya saa moja, kidole kikavimba. Shangazi alikuwa kitandani akinisimulia huku akitazama dari: kwamba mpigapicha alitoka mjini na taa kubwa iliyokuwa ikizima stima za ukumbi, kwamba kulikuwa na nakala moja tu, kwamba alikuwa ameileta kwa kakake itazamwe Pasaka kwa sababu yeye na mumewe hawakuwa na umeme.

Niliiweka. Nikabonyeza.

Dakika kumi na moja za mwisho wa harusi ni watu wakingoja magari. Mpigapicha alipenda Peugeot ya mkwe kuliko bwana harusi. Cucu wangu, ambaye mimi sikumkuta, anapita na sufuria, anaona kamera, anaiweka sufuria chini, anacheza hatua nne, anaichukua tena na kuondoka. Bwana harusi yuko kwenye picha kwa sekunde kama tisa. Anafungua mlango wa gari, anagonga kichwa, anashika kichwa, anacheka na mtu asiyeonekana. Shangazi akasema, "Ni mimi huyo anayecheka naye. Niko ndani ya gari."

Picha ikaisha. Laptopu ilikuwa imeshika kila kitu. Nilimtumia kwenye WhatsApp hapohapo, akaitazama tena mara tatu kwenye simu, ameishika karibu kabisa na jicho lake lililo zima.

Kisha akauliza mwanzo kuna nini. Nikamwambia mechi, na habari kidogo, na matangazo. Nikamwambia kuhusu ukungu, na alichosema fundi, na kwamba kuirudisha nyuma na kuicheza saa tatu nzima kunaweza kuwa ndiyo mwisho wake.

"Usiku huo tuliisikiliza kwa redio," akasema. "Betri ziliisha mbili kwa moja, tukalala tukijua tumeshinda." Akavuta blanketi, akakaa vizuri akiegemea ukuta. "Mimi sijawahi kumwona huyo Milla. Rudisha."

Kidole kilikuwa kinauma. Nikaanza kuzungusha.